Mabomba Matatu Yaliyobaki Juu

Nyie mnaochimba visima kwa mashine, mnaofika na lori asubuhi na alasiri maji yanaruka kupita bati, hebu zimeni injini kidogo. Mie nimechimba miaka yangu yote ya nguvu, kwanza kwa sururu, halafu kwa mashine kama hiyo yenu. Sasa sichimbi. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitegemee mpangilio. Nitaanzia ninapokumbuka, na nitataja watu kwa majina, maana nimechoka kusikia "maji yameharibika", kana kwamba yaliamka siku moja yakajiharibu yenyewe.

Wa kwanza ni Lugome. Wa pili Mwalimu Temu. Wa tatu ni mie. Nimejitaja mapema ili msije mkasema nilikuwa najificha nyuma ya wenzangu. Nani zaidi ya nani, hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, na sidhani kama nitalimaliza hapa.

Mtaa wetu uko Temeke ya pembeni, kule mbele ya Mbagala, mahali ambapo bomba la maji lilitangazwa miaka mingi kabla halijafika. Ardhi ina mteremko. Juu kuna nyumba za geti, katikati tuko sie, chini kuna bonde la mchicha. Zamani maji yalikuwa yanajitokea yenyewe pale bondeni, hakuna aliyeyachimba. Unakanyaga, mguu unazama, maji yanajaa kwenye unyayo. Vyura walikuwa wengi mpaka wageni wanauliza kuna nini. Leo pale bondeni vijana wanacheza mpira.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Kasimu, aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwangu. Mtu mfupi, mabega kama mlango. Kasimu alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata mara moja: kisima kikishatoa maji, fundi ndiye anayekunywa kikombe cha kwanza, mbele ya mwenye nyumba, na haondoki. Anakaa, anakula chakula cha hapo, anaongea. Ndipo wengine wanateka.

"Wakikuona unakunywa, wanajua hujawadanganya," aliniambia. "Na wewe ukijiona unasita kunywa, shuka ukaendelee kuchimba."

Alikuwa pia na kamba yake ya kutekea, ameifunga fundo kila urefu wa mkono. Anateremsha ndoo, anahesabu mafundo, anakwambia maji yako wapi mwezi huu na yalikuwa wapi mwezi uliopita. Mie nilikuwaga namcheka. Nikidhani anapoteza muda.

Kazi yangu ya kwanza bila yeye nilichimba mwezi wa nne, katikati ya masika. Maji niliyapata sijafika hata kifuani. Nikajiona bingwa. Nikanywa kikombe, nikala wali, nikaondoka kifua mbele. Kasimu alipita pale, akachungulia, akacheka mpaka akaushika ukuta.

"Hiki si kisima, mdogo wangu. Umechimba dimbwi."

Mwezi wa tisa mwenye nyumba alinitumia ndoo imejaa mchanga mkavu, na salamu juu: "Mwambieni fundi nimeshateka." Ndoo ile Kasimu aliitundika mlangoni kwangu, akakataza mtu kuitoa. Basi shikeni hilo: chimbeni mwisho wa kiangazi, maji yakiwa yamekwenda chini kabisa. Ukiyakuta wakati huo utayakuta siku zote. Na kabla hujashuka kwenye shimo la zamani, teremsha mshumaa uliowashwa. Ukizimika, usishuke, hata kama mwenye nyumba anakuita mwoga. Mie ninawaandikia kwa sababu niliitwa mwoga mara nyingi.

Kisima kizuri kuliko vyote tulichochimba kilikuwa cha Kasimu mwenyewe, uani kwake. Maji yake matamu, hayana ladha yoyote, ukiyachemshia chai unaisikia chai. Mke wake, Bi Tatu, hakumzuia mtu. Sehemu yetu yote ya katikati ilitekea pale. Asubuhi foleni ya ndoo inatoka getini, inazunguka kona ya ukuta, na Bi Tatu yuko juu ya kigoda anawapanga: "Wewe wa kanga ya njano, ulishateka, nakuona! Macho yangu hayajazeeka."

Sasa Lugome. Alikuja akajenga juu kabisa ya mteremko, akataka kisima kirefu cha mashine, awauzie maji wenye nyumba za geti. Mie wakati huo nilikuwa nimeshamwacha Kasimu. Niliona wenye mashine wanavaa buti na kofia ngumu, nikajiunga. Kasimu hakunizuia. Alinipa sururu yangu mkononi, akasema, "Iweke, huenda ukaikumbuka."

Siku tulipochimba kwa Lugome maji tuliyapata mapema. Matamu. Msimamizi wetu akataka kusimamisha. Lugome akaja na viatu vyake vyeupe, akaniuliza mie, kwa sababu mie ndiye nilikuwa mwenyeji.

"Fundi, haya yatanitosha?"

"Nenda chini zaidi, bosi," nikamwambia. "Chini ndiko yaliko mengi."

Maneno yangu hayo. Hakuna aliyenilazimisha. Tukaongeza, tukaongeza, tukateremsha pampu kule chini, ikavuta mchana kutwa bila kupumzika, na Lugome alinisifu mbele za watu. Nilikuja kuelezwa baadaye na mzee mmoja wa mashine, mtu aliyezunguka pwani yote hii. Maji matamu huku kwetu yamekaa juu, na maji ya bahari yako chini yake, kama mafuta yaliyokaa juu ya mchuzi. Ukivuta mafuta kwa mrija, pole pole, unapata mafuta. Ukizamisha mrija chini ukavuta kwa pupa, mchuzi unapanda, na ukishapanda hauna haraka ya kurudi. Nilimuuliza kwa nini hatukuambiwa tangu mwanzo. Akasema, "Mliuliza?"

Baada ya mwaka, kisima cha Mwalimu Temu kikakauka. Temu anafundisha hesabu shule ya msingi, mtu wa Kilimanjaro, shati limenyooshwa hata Jumapili. Kisima chake kilikuwa kifupi kidogo kuliko cha Kasimu, kwa hiyo maji yaliposhuka, yeye ndiye wa kwanza kubaki na tope. Sikuunganisha na pampu ya Lugome. Nilisema kiangazi kimekuwa kikali. Wakati huohuo choo chake kilikuwa kimejaa, anatafuta wa kumchimbia shimo jipya. Alinikuta kibarazani.

"Fundi, utanichimbia choo?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Mwalimu, msomi mzima! Una shimo refu uani, limejengwa kwa tofali, halina kazi. Peleka bomba la choo humo. Tena halitajaa hata wajukuu wako wazeeke."

Akaniona nina akili. Tukaunganisha kwa siku moja. Na msidhani ni sie tu. Mkipita huko pembeni mwa mji mtakuta mafundi wengi wamelifanya hilo, kisima kilichokufa kinageuzwa choo, na mwenye nyumba anashukuru kwa kuokolewa kazi. Hatukufikiri kwamba shimo lililochimbwa ili lifikie maji bado linafikia maji. Kutoka pale hadi kisima cha Kasimu ni hatua ishirini na tano. Nimezipiga mwenyewe, mara nyingi sana, baadaye.

Masika yaliyofuata kuhara kukaingia mtaani. Sitawaelezea. Mie nilibebwa na bodaboda, mtu mmoja mbele, mwingine nyuma amenishika nisidondoke. Nikawekewa maji ya mshipa chupa baada ya chupa. Kitanda cha pembeni alilazwa Kasimu. Tuliongea kidogo. Aliniuliza, "Ni maji?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Mie nilikunywa kwanza." Hilo ndilo la mwisho nililolisikia kwake lenye maana. Mie nikatoka, yeye hakutoka. Nguvu hazikunirudia tena kama zamani, ndiyo maana naandika badala ya kuchimba.

Wataalamu walikuja, wakamwaga dawa kisimani, wakasema tuchemshe, wakaondoka. Hawakusema kuhara kumetoka wapi. Bi Tatu alimaliza eda yake, na siku ya kwanza ya kutoka aliniita.

"Shemeji," ananiita hivyo tangu zamani, "nataka kujua nani kaniulia mume."

Nilimwambia nitajua. Nikamweleza habari ya shimo la Mwalimu, na kwamba ni mie niliyemshauri. Hakulia, hakunifukuza. Akasema, "Hakikisha kwanza."

Hapa ndipo penye kosa langu lingine, na ni kosa la fundi wa huku tu. Nilisikia zamani kwamba ukitaka kujua kama choo kinavuja kisimani, unamwaga chumvi nyingi chooni, halafu unaonja kisima. Nikampelekea Mwalimu habari. Yeye akaogopa, lakini akakubali, maana alikuwa hapati usingizi. Tukamwaga viroba viwili vya chumvi ya mawe kwenye shimo lake, na ndoo za maji juu yake. Watu wakajaa ukutani wanatazama. Kisha kila asubuhi nachota kwa Bi Tatu, nachemsha, nayaacha yapoe, naonja mbele yake.

Siku ya kwanza, hakuna. Siku ya nne, hakuna. Siku ya tisa, chumvi.

Nilimwangalia Bi Tatu, naye akajua kabla sijasema. Mtaa mzima ukahamia kwa Mwalimu. Mmoja anapiga geti, mwingine anamwita muuaji, kina mama wanamtaja mama yake huko Kilimanjaro ambaye hawajawahi kumwona. Temu akatoka na shati lake lililonyooshwa.

"Fundi, kabla hawajanivunjia nyumba, nisaidie kitu kimoja. Onja na kisima cha msikitini."

Kisima cha msikiti kiko juu yetu, mbali, karibu na kwa Lugome. Hakuna choo changu wala cha Mwalimu kule. Watu wakazomea, lakini tukaenda. Nikachota, nikaonja, nikatema. Chumvi. Kali kuliko ya Bi Tatu.

"Nilimwaga viroba vyangu huku?" Mwalimu akauliza. "Maji yanapanda mlima?"

"Juu ya ardhi hayapandi," nikamjibu. "Chini yanafuata pampu. Na pampu ya Lugome iko hapo."

"Kwa hiyo chumvi yangu imevutwa mpaka huku?"

"Labda. Au ya bahari imepanda."

"Basi ya kwa Bi Tatu ni ipi?"

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Nilikuwa nimepima chumvi kwa chumvi, mahali ambapo chumvi inatoka chini yenyewe. Kama ningemwaga rangi, au chochote ambacho bahari haina! Mzee mmoja pale nyuma akasema, "Tumemwajiri huyu atuchanganyie kichwa?" Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichookoa nyumba ya Mwalimu, maana waliocheka hawakurudi tena kuvunja geti.

Temu hata hivyo hakungoja kuthibitishwa. Aliita gari la majitaka likavuta kila kitu, akamwaga chokaa, akajaza udongo mpaka juu, akachimbiwa choo kifupi upande wa pili, mbali na visima vyote. Akaja kwa Bi Tatu, akapiga magoti, mtu mzima yule.

"Mama, sijui kama ni mimi."

"Hata mie sijui," Bi Tatu akamjibu. "Inuka, unachafua suruali."

Kuhara kukapungua. Chumvi ikabaki, ikazidi. Chai ikawa hainyweki, sabuni haitoi povu, minazi miwili ya Bi Tatu ikaanza kukauka kutoka juu. Watu wa katikati wakaanza kupanda kwa Lugome kununua maji. Ndiyo, ya kwake nayo yalikuwa yameingia chumvi, lakini alikuwa anayachanganya na matamu yanayoletwa na gari. Bi Tatu aliteremsha ndoo kwa kamba ya Kasimu kila asubuhi, akihesabu mafundo kama marehemu, akanitumia salamu: "Yameshuka tena fundo." Aliniambia akipotelewa na kisima hicho, kitakachobaki cha mumewe pale nyumbani ni picha moja tu, tena amefumba macho.

Halafu pampu ya Lugome ikakatika. Bomba lililooza lilifunguka, pampu ikadondoka na kukaa chini ya kisima chake. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, mafundi wanakuja na kulabu, wanashindwa, wanaondoka. Na kwa Bi Tatu maji yakapanda fundo moja. Halafu la pili. Nilionja. Chumvi ipo, lakini imelegea. Nikaonja tena kesho yake, nikaogopa kuamini ulimi wangu, nikamwita Mwalimu aonje.

"Imepungua," akasema. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa hesabu, akaongeza, "Lakini imenyesha mara tatu wiki hizi."

Kweli ilinyesha. Unaona ninavyosumbuka? Kila nikishika jibu, kuna kitu kinalivuta upande mwingine.

Lugome akanitumia gari. Nilikuwa mtu pekee aliyebaki mtaani aliyekuwepo kisima kile kilipochimbwa, najua kilipopinda. Nilikwenda kumuaga Bi Tatu kwanza, kama mtu anayesafiri.

"Unakwenda kumrudishia pampu?" akauliza.

"Kule juu kuna watu hawana maji kabisa, Bi Tatu. Mama Rehema ana mapacha, anateka kwa Lugome."

"Najua. Nimemwona amesimama na ndoo." Akakunja kamba ya Kasimu taratibu. "Basi nenda, Shemeji. Ila ukinywa kikombe cha kwanza huko, kumbuka na huku utakunywa."

Nilitumia siku mbili kuivua ile pampu. Sitawaambia jinsi, hiyo ni akili yangu. Lugome akaniletea pampu mpya na kile kidude cha umeme kinachoizima maji yakipungua, ili mota isiungue. Tukaanza kuteremsha bomba baada ya bomba, vibarua wanakaza, mie nahesabu. Yalipobaki matatu, nikasema, "Basi. Fungeni kichwa."

"Na hayo?" Lugome akauliza.

"Yameota kutu, bosi. Yatakurudisha palepale."

Akayatazama. Hakugusa, akihofia viatu vyake vyeupe. "Haya, wewe chukua."

Kwa hiyo pampu ile imening'inia juu zaidi ya pale ilipokuwa. Ikivuta sana, maji yanashuka chini yake, kidude kinaizima, inakaa, inangoja maji yarudi. Lugome alinilalamikia mara moja, "Fundi, hii mbona inajizima sana?" Nikamwambia pampu za siku hizi zinajipenda. Akacheka. Tangi lake linajaa polepole, na Mama Rehema anasimama foleni zaidi ya zamani. Hilo nalo ni langu. Sijui kama nilifanya sawa. Ningeweza kumweleza Lugome ukweli, lakini niliwahi kumshauri mbele za watu akanisikiliza, na mlishaona matokeo yake.

Maji ya Bi Tatu hayajawa kama zamani. Mwezi mwingine yanapanda fundo, mwezi mwingine yanashuka. Mwalimu amevunja vitofali vya saruji uani kwake, anaacha mvua izame, amechimba mitaro midogo ya kuizuia isikimbilie barabarani, na kila Jumamosi anawashawishi majirani wafanye hivyo. Wengine wanamwita kichaa. Bondeni nilisikia chura mmoja. Mmoja, sitawadanganya.

Yale mabomba matatu hayana kutu. Mawili Bi Tatu ameyasimamisha uani, amefunga kamba katikati, anaanikia nguo. La tatu amelilaza ukingoni mwa kisima, wanaosubiri kuteka wanakalia. Lugome anapita hapo karibu kila siku na hajawahi kuyatazama mara mbili. Sasa akisoma hapa atajua, nami nipo nyumbani, asihangaike kunitafuta.

Lakini pampu hiyo nayo itakufa siku moja, na mie sitakuwepo, au sitakuwa na mikono. Ataita mmoja wenu. Mtaivuta juu, mtahesabu mabomba, mtaona karatasi za zamani zinasema mengi zaidi. Msidhani aliyetangulia alikosea hesabu. Kabla hamjaongeza hata moja, teremkeni mpaka kwa Bi Tatu, mwambieni awachotee kikombe, mnywe mbele yake, mkae mpaka mle.